Kichwa cha Mzee Mutiso na Mabehewa Arobaini

Najua mtacheka. Mstaafu wa miaka thelathini na minne! Nywele zote nyeusi, meno yote kinywani, na nikichokozwa bado naruka kama mafuta ya moto yaliyoingia maji. Chekeni mmalize, kisha mnisikilize, kwa sababu hiyo meza niliyowaachia pale Ukunda sikuiokota barabarani. Nimeikalia miaka kumi na sita, tangu nina ndevu tatu, mpaka mama yangu aliponiita nyumbani Matuga nikashike shamba lake. Mimi mama akiita siulizi mara mbili. Bisibisi nimeweka chini, jembe nimeshika, na kazi ya kompyuta sasa ni yenu nyinyi wanne.

Aliyeniambia niwaandikie ni Bi Mwanasha, mwenye duka. Alisema, "Pilipili, wewe ukisema na vijana unawafokea. Andika. Karatasi haifoki."

Pilipili ndiyo mimi. Jina hilo alinipa yeye mwenyewe, wiki yangu ya kwanza, niliporushiana maneno na mteja aliyesema kompyuta yake imerogwa. Mimi nikamwambia aliyerogwa ni yeye. Bi Mwanasha alivua miwani, akaiacha ining'inie kwa kamba yake kifuani, akanitazama muda mrefu. "Huyu kijana ni pilipili," akamwambia mteja, "lakini pilipili nayo ina kazi yake jikoni." Basi nikabaki.

Cheti sina, mnajua. Nilijifunza kwa kufungua mashine mbovu zilizotupwa na mahoteli ya Diani, moja baada ya nyingine, mpaka nikajua kila skrubu inalala wapi. Nilikosea makosa mengi. Mkisikia fundi anasema hajawahi kuharibu kitu, huyo mfungieni mlango, kwa sababu ama ni mwongo ama hajawahi kufanya kazi.

Mimi niliwahi kupaka dawa ya meno chini ya feni ya prosesa. Wallahi. Ile pesti ya kupitisha joto ilikuwa imekwisha dukani, na mtu mmoja wa Kombani akaniambia dawa ya meno ni kitu kilekile, nyeupe kwa nyeupe. Ikafanya kazi siku nne! Nikatembea Ukunda kifua mbele kama nimevumbua umeme. Siku ya tano dawa ikakauka, ikapasuka kama udongo wa kiangazi, mashine ikawa inazima kila baada ya dakika kumi. Bi Mwanasha akaifungua, akanusa, akasema, "Angalau inanukia vizuri." Hakusema neno jingine siku nzima. Ningefurahi zaidi angenipiga.

Tena kuna yule mjusi kafiri. Kompyuta ya ofisi moja ya hoteli ilikuwa inazima na kuwaka yenyewe, na mimi nikakaa siku mbili nzima nasafisha virusi ambavyo havikuwepo. Bi Mwanasha alipita nyuma yangu na kikombe cha kahawa, akanusa hewa, akachukua bisibisi, akafungua pawa saplai, lile sanduku la kuingizia umeme. Mjusi kafiri alikuwa amelala ndani, kavu kama ng'onda, mkia huku, kichwa kule. Pua, vijana! Pua na masikio ni vifaa vya kazi, na havihitaji chaji.

Na pini. Prosesa nyingi tulizokuwa tukizishika zilikuwa na vijipini mamia chini ya tumbo lake, vyembamba kuliko mwiba wa samaki. Kimoja kikipinda, mashine haiwaki. Watu hutumia vijibati na vibanio, wanakata pini, wanalia. Bi Mwanasha hutumia sindano ya kushonea kofia. Mmemwona: mteja asipokuwepo anashona kofia, viua vyake vidogo kama punje za mtama, na sindano anaichomeka kwenye ukosi wa buibui. Kwa sindano ile ile anainyanyua pini taratibu, anapumua, anainyanyua tena. "Usisukume," alinifundisha. "Iambie irudi." Nilidhani ni maneno ya mzaha mpaka nikajaribu. Pini haisukumwi. Inaambiwa.

Haya, hayo yote ni kitangulizi. Ninalotaka kuwaambia hasa ni la Mzee Mutiso, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya kwa upumbavu mkubwa kuliko zote, na ndiyo ninayojivunia kuliko zote.

Mzee Mutiso ni Mkamba aliyepata shamba kwenye skimu, ile ardhi iliyogawiwa na serikali, ndani kidogo ukitoka Msambweni. Alikuwa dereva wa treni za mizigo kwenye ile reli ya zamani, Mombasa kupanda bara, mpaka akastaafu. Ana mihogo, ana korosho, ana mbuzi. Lakini sebuleni, penye meza ya kulia chakula kwa watu wengine, yeye ameweka kompyuta iliyokuwa zamani ya mapokezi hotelini, na ndani yake kuna gemu ya kuendesha treni.

Si gemu ya mchezo mchezo. Treni ina uzito, ina breki za upepo, ukipanda mlima vibaya magurudumu yanateleza. Ila ni treni za Ulaya, kwa hivyo mzee alikuwa amekata karatasi na kuandika majina kwa kalamu nzito, akazibandika ukutani nyuma ya skrini kwa mpangilio: Changamwe, Miritini, Mazeras, Mariakani. Kila akifika stesheni ya Wazungu, yeye anaita jina lake kwenye karatasi. Siku nilipoingia mara ya kwanza, theluji ilikuwa inaanguka Mariakani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndio fundi? Mbona wewe ni mtoto?"

"Mtoto anayejua kazi, mzee."

"Tutaona. Tafuta kiti. Si hiyo! Hiyo ni ya Hamisi."

Mbele ya kompyuta palikuwa na viti viwili, kimoja kulia, kimoja kushoto. Cha kulia chake. Cha kushoto kilikuwa kitupu, kimefutwa vumbi, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukikalia. Nikasimama.

Hamisi ni nani? Ni Mdigo wa Kibuyuni aliyekuwa msaidizi wake. Treni ya mizigo ilikuwa na watu wawili mbele: dereva kulia, msaidizi kushoto, mmoja anaita ishara za njia na mwenzake anazirudia ili wote wawe macho. Miaka thelathini walikaa hivyo. Na miaka yote thelathini Hamisi hakuwahi kushika usukani wa mwendo hata mara moja. Sheria haikuruhusu, ndiyo, lakini Mzee Mutiso aliniambia ukweli wenyewe, akiwa ametazama dirishani.

"Alikuwa ananiuliza, 'Mutiso, lini utaniachia kichwa?' Mimi namwambia, siku moja. Kila mwaka, siku moja. Sheria nilikuwa naitumia tu. Mimi sikutaka mtu ashike treni yangu."

Sasa Hamisi alikuwa amestaafu, analima mwani kule Kibuyuni, na binti yake aliyeolewa Pemba alikuwa amemwita akaishi naye. Alhamisi ya wiki iliyokuwa inakuja angepita Msambweni kuaga. Ijumaa baada ya sala angeondoka, na kwa umri wao hakuna aliyejidanganya kwamba kutakuwa na kurudi.

"Nataka aendeshe," mzee akasema. "Mabehewa arobaini, kupanda mpaka Mazeras. Arobaini, sio tano. Tano ni treni ya watoto. Lakini hii kitu inashikashika. Inatembea kama mtu ako na kwikwi."

Sasa tegeni masikio hapa. Nikamwuliza shida inaanza wakati gani, naye akanijibu vizuri kabisa. Akasema, "Kichwa iko sawa. Kichwa haina shida yoyote. Mabehewa ikikuwa mengi ndio inashikashika."

Nyinyi mnajua dukani kwetu prosesa tunaiita kichwa, kwa sababu ndiyo inayofanya hesabu zote za mashine. "Kichwa chake ni kipi?" tunaulizana. Kwa hivyo mteja aliponiambia kichwa kiko sawa, mimi nilisikia prosesa iko sawa. Nikafungua ule ukurasa wa kuonyesha mashine inatumia nguvu kiasi gani, nikaona prosesa inatumia robo tu. Robo! Nikasema, ona, hata mteja anajua, kichwa kimelala. Kosa ni la kadi ya picha, ile inayochora.

Nikaleta kadi ya picha nzuri, kubwa, ina feni mbili. Nikaifunga mbele ya macho yake huku nasema maneno mengi, kama kawaida yangu. "Mzee, ikishikashika tena nitakula bisibisi hii."

Akaweka mabehewa arobaini. Akaondoka stesheni. Theluji ikaonekana punje kwa punje, nzuri ajabu. Na treni ikashikwa na kwikwi ile ile.

"Kula," akasema Mzee Mutiso.

Ningecheka, mambo yangeisha. Lakini yeye akaongeza, "Hiyo duka ya huyo mama ya Ukunda inauza upepo ndani ya sanduku."

Mimi mtu akinitukana mimi, sawa, tutatukanana tumalize, jioni tunakunywa chai. Lakini Bi Mwanasha? Aliyenitoa barabarani? Damu ilinipanda nikamwambia, "Wewe mzee hujui kompyuta! Umezoea kutia makaa ya mawe!"

Akasimama. Mrefu yule mzee. "Mimi niliendesha DIZELI," akasema. "Toka."

Nikatoka. Nikafika Ukunda nimevimba, nikamweleza Bi Mwanasha yote, nikitegemea aniambie pole mwanangu. Alikuwa anashona. Hakuinua uso.

"Umemwambia mtu mzima hajui?"

"Alikutukana wewe, Bi!"

"Mimi nimekutuma ukanipiganie au ukatengeneze kompyuta?" Akavuta uzi. "Alikwambia nini, huyo mzee? Maneno yake, si yako."

"Alisema kichwa kiko sawa."

"Hapana. Maneno yake."

Nikakumbuka. "Kichwa iko sawa, mabehewa ikikuwa mengi ndio inashikashika."

Akakata uzi kwa meno. "Mteja hasemi uongo, Pilipili. Anasema lugha yake. Kesho utarudi, utaomba radhi, na utakalia mikono."

Kukalia mikono si methali, vijana, ni kazi. Alinifundisha tangu mwanzo, nami nilikuwa nimeisahau kwa ujuaji. Ukifika kwa mteja, weka viganja chini ya mapaja, vikalie, na umtazame akitumia mashine yake mwenyewe. Usiguse kitu. Usiseme kitu. Mikono ikiwa huru inakimbilia kutengeneza kabla macho hayajaona.

Kesho yake, Jumatatu, nikarudi. Kuomba radhi kwangu ni kama kumeza mwiba, lakini niliumeza. "Mzee, nilikosa adabu. Na dizeli niliijua, ilikuwa hasira tu."

Akanitazama. Kisha akavuta kile kiti cha kushoto. "Kaa."

"Si cha Hamisi?"

"Leo wewe ni msaidizi. Kaa, na unyamaze."

Nikakaa, nikakalia mikono. Akaweka mabehewa matano: treni ikateleza kama samli. Akaweka kumi na tano: sawa. Ishirini na tano: kwikwi kidogo. Arobaini: kwikwi tupu. Nikamwomba, mikono bado chini, apunguze uzuri wa picha mpaka mwisho. Theluji ikawa kama unga uliomwagika, miti ikawa masanduku. Kwikwi vilevile! Hilo liandikeni ukutani: ukipunguza uzuri wa picha na mashine bado inakwama, usimlaumu mchora picha. Mlaumu mfanya hesabu.

"Unaona?" Mzee Mutiso akasema, akagonga skrini kwa kidole, pale mbele ya treni. "Nilikuambia. Kichwa iko sawa."

"Mzee," nikasema polepole, "kichwa kipi?"

"Kichwa! Kichwa ya treni. Hii inavuta. Kwani kuna kichwa ingine?"

Enyi watu. Nilitamani ardhi ya skimu ipasuke. Mtu wa reli akisema kichwa anasema injini inayovuta mabehewa. Aliniambia tangu siku ya kwanza, kwa lugha iliyonyooka, kwamba injini peke yake haina taabu lakini uzito wa hesabu unapozidi mashine inashindwa. Alinipa ugonjwa na dawa yake, mimi nikasikia lugha ya duka langu mwenyewe.

Nikafungua tena ule ukurasa wa nguvu, lakini safari hii nikautazama kori kwa kori. Kori ni wafanyakazi walio ndani ya prosesa, na ile yake ilikuwa nao wanne. Mmoja amejaa pomoni, jasho linamtoka. Watatu wamelala. Ukijumlisha na kugawanya unapata robo, na robo ndiyo iliyonidanganya.

Nikamweleza mzee. Hapo ndipo aliponisomesha.

"Ni kama treni," akasema. "Weka madereva kumi ndani ya kichwa moja. Itaenda mbio?"

"Hapana."

"Dereva ni moja. Wengine watakunywa chai. Wewe tafuta dereva moja mwenye haraka."

Nimesoma mengi mtandaoni kuhusu kuchagua prosesa, lugha za kila aina, wala sijaona aliyesema vizuri kuliko Mkamba yule. Gemu ile ya treni, kama nyingine nyingi za aina yake, mzigo mkubwa wa hesabu inambebesha kori mmoja. Kwa hivyo usihesabu kori, pima kasi ya mmoja.

Jumanne nikavuka Likoni kwenda Mombasa kutafuta. Muuzaji akaniwekea mezani mbili zinazoingia kwenye soketi ile ile. Moja kori nane, ya pole pole kidogo. Nyingine kori sita, kila mmoja ana mbio. "Chukua nane, kijana, nane ni nyingi kuliko sita!" akanipigia kelele mbele ya watu, kama vile nimekwenda kununua maembe. Zamani ningechukua nane kwa ajili ya kumnyamazisha tu. Nikamwambia nipe ile ya sita. Nikaigeuza, nikahesabu safu za pini kwa mwanga wa jua, nikatazama maandishi ya juu kama hayajakwanguliwa na kuandikwa upya, maana wapo wanaomvalisha mtoto kanzu ya baba yake. Ilikuwa safi. Nikachukua na feni kubwa zaidi, kwa sababu Msambweni si Ulaya ya ndani ya gemu, na kichwa chenye mbio kinatoa joto.

Jumatano nikarudi kwa mzee, nikafanya kazi moja tu. Kuingia kwenye soketi hakutoshi, mazabodi, ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote, nayo lazima imtambue mgeni, na kwa hilo unaifundisha kwanza, unaipandishia bayosi mpya, yale maelekezo ya kuiamsha, kichwa cha zamani kikiwa bado ndani. Ukikitoa cha zamani kabla, umejifungia mlango na ufunguo uko ndani. Nikabeba betri ya duka kutoka Ukunda, kwa sababu stima ya huko inaondoka bila hodi, na stima ikikatika katikati ya bayosi, toa rambirambi. Haikukatika. Lakini nilibeba. Siku moja mtakuja kunishukuru.

Alhamisi asubuhi nikafika kubadilisha. Na sasa niwaambie aibu ya mwisho. Nilikuwa na haraka, Hamisi alikuwa njiani, nikasikia sauti barazani, "Hodi! Hodi wenyewe!" nikageuka na prosesa mkononi, na kona yake ikagusa ukingo wa kasha la kompyuta.

Pini mbili. Zimelala ubavu.

Sindano yangu? Ukunda, kwenye droo. Saa moja kwenda, saa moja kurudi, na mgeni ana gari la kumrudisha Kibuyuni adhuhuri kumalizia kufunga mizigo.

Mzee Hamisi akaingia: mfupi, kanzu safi, ndevu nyeupe, kicheko tayari mdomoni. Salamu zikapita, shikamoo na marahaba, habari za mwani, habari za mihogo. Mzee Mutiso akamwambia, "Kichwa iko hapa inatengenezwa."

"Kiko," Hamisi akasema. "Kichwa kiko. Miaka thelathini nakufundisha."

"Wewe nawe. Iko, kiko, si inavuta?"

Kisha wakanitazama mimi, nami nikasema ukweli. Msifiche kosa, vijana, kosa lililofichwa linazaa. Nikasema nimepinda pini mbili, na nimeacha sindano yangu ya kofia Ukunda.

"Sindano ya kofia?" Mzee Hamisi akavua kofia yake kichwani, akaigeuza ndani nje. Kwenye ukingo, imechomekwa vizuri, ilikuwa sindano na uzi wake. "Huyu bwana akisimamisha treni stesheni ya Samburu kungoja njia, saa tatu nzima hatusogei. Wewe ulidhani nilikuwa nafanya nini? Kofia zote za harusi za Kibuyuni zimeshonwa Samburu."

Akanishikia tochi. Mzee Mutiso akanishikia miwani yake ya kusomea mbele ya jicho, kama lenzi. Nikapumua. Nikaiambia irudi. Ya kwanza ikarudi. Ya pili ikasita, nikaiacha, nikapumua tena, nikasikia sauti ya Bi Mwanasha ndani ya sikio langu, ikarudi. Nikaishusha prosesa kwenye soketi na ikazama kwa uzito wake yenyewe, bila kusukumwa, kama inavyotakiwa. Pesti ya kweli, si dawa ya meno. Feni. Waya. Nikawasha.

Ikawaka.

Mzee Mutiso akasogea. Akashika mgongo wa kile kiti cha kulia, akakivuta nyuma, akasema, "Hamisi. Kaa."

Mzee Hamisi hakukaa mara moja. Alitazama kiti, akatazama kiti cha kushoto, akamtazama mwenzake. "Upande huu?"

"Upande huu."

Akakaa. Na Mutiso, dereva mkuu yule, mrefu, mkali, akakaa kushoto, magoti yamegonga meza. Mabehewa arobaini. Nilijibanza ukutani kando ya karatasi ya Miritini na nilikuwa nimeikalia mikono hata nikiwa nimesimama, sijui niliikalia vipi.

"Kijani!" Mutiso akaita.

"Kijani," Hamisi akarudia, akafungua mwendo. Polepole! Hakufanya pupa kama mimi ningefanya. Alinyoosha mnyororo behewa moja baada ya jingine, ukasikia kwenye spika, ta, ta, ta, mpaka la arobaini. Kupanda kukaanza. Nikangoja kwikwi. Magurudumu yakataka kuteleza, akamwaga mchanga ili yashike reli, akapunguza, akaongeza. Miaka thelathini alikuwa akitazama tu, na mikono ilikuwa imejua yote. Nikangoja kwikwi. Theluji ikaanguka juu ya mlima wa Mazeras na treni nzima, mabehewa arobaini ya mzigo, ikapanda laini kama uzi unaopita kwenye kofia.

"Manjano!"

"Manjano."

Akasimama penye alama ya stesheni kabisa, hakuzidisha, hakupunguza. Mbuzi walikuwa wanalia nje. Mzee Hamisi mikono yake ilikuwa bado juu ya vitufe, haitoki.

Mutiso akakohoa. "Sasa. Kichwa iko aje?"

Hamisi akageuza shingo taratibu, akamtazama.

"Haya, haya," Mutiso akasema. "*Kiko* aje?"

Miaka thelathini! Mzee Hamisi aliinamisha uso, nikaona mabega yanatikisika, sikujua ni kicheko au ni nini. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, lakini alikuwa anacheka.

"Kiko sawa," akasema.

Na mimi, kwa mazoea mapya na upumbavu wa zamani, nikauliza, "Kichwa kipi, mzee?"

Hakuonyesha treni kwenye skrini. Hakuonyesha kompyuta pale chini. Alinyoosha mkono akaweka kiganja juu ya upara wa Mutiso, akaupigapiga kama tikiti maji sokoni.

"Hiki. Kimechelewa, lakini sasa kiko sawa."

Sindano yake aliniachia. Alisema Pemba sindano ziko. Imo kwenye droo ya juu, upande wa kulia, imechomekwa kwenye kipande cha kofia nyeupe, na atakayeipoteza nitakuja kutoka Matuga na jembe langu. Mteja akiingia akawaambia kichwa kiko sawa, kalieni mikono kwanza, halafu mmwulize ni kipi.